Vitabu vya Ndoo ya Pina

Pina, mama yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua. Una kidonda kinachokauka kwenye goti la kushoto, una mafua kidogo, na umekataa kulala mchana kwa sababu bibi yako amefika. Sasa hivi mko uani mnachambua mchele. Nawasikia kupitia dirisha la chumbani mkibishana kama kitu ulichokishika ni jiwe au ni chuya. Ya kwangu hali si nzuri sana, na ndiyo sababu nimekaa kuandika wakati nguo zako bado zimetapakaa kitandani.

Kesho asubuhi mnapanda basi la kwenda Mlimba, mnashuka Mbingu, kisha mnaingia shambani. Keshokutwa mimi nakwenda Dodoma, chuoni, mwaka mzima. Baba yako yuko Uchindile kwenye mashamba ya miti, anaishi kambini na wanaume wenzake, na kambini hakuna mahali pa kumlaza mtoto wa miaka minne. Kwa hiyo umebaki wa bibi. Nimekueleza haya yote mara nyingi na wewe umeniuliza swali moja tu: "Dodoma kuna nani wa kukusomea?" Nilikwenda jikoni nikajifanya naangalia maharage.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya ndoo yako, chini ya vitabu, ndani ya bahasha niliyoizungushia nailoni. Shambani hakuna wa kukusomea. Jambo hilo limeninyima usingizi wiki nzima, lakini kwa barua hii linanifaa, maana itabidi ikusubiri mpaka uweze kuisoma mwenyewe. Siandiki kwa Pina wa miaka minne. Namwandikia yule atakayekaa chini siku moja akafumbua maneno haya bila kusaidiwa, na sijui atakuwa na umri gani, wala kama atakuwa bado ananipenda.

Mambo ya neti, viatu na dawa za minyoo nimeshamwambia bibi yako. Nilipoyarudia mara ya nne alinijibu, "Skola, na wewe nilikulea wapi? Hotelini?" Basi hayo nayaacha. Nataka kukueleza kuhusu vitabu, kwa sababu huko ndiko nilikokosea.

Nianze na ndoo. Ni ile nyeupe ya lita ishirini iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, yenye mfuniko wa kubana. Unajua tayari, au utakuwa umeshajua, kwamba shambani kwa bibi kuanzia kulima mpaka mpunga uvunwe mnalala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakipanda yasiwafikie na ili ndege waonekane kwa mbali. Karatasi haidumu kwenye dungu. Panya wanaitaka, mchwa wanaitaka, na mvua ya upepo inaingia pembeni hata paa likiwa zima. Kila mtu anayehamia shambani bondeni kwetu ana ndoo yake ya mfuniko. Bibi yako anaweka humo kitambulisho, kadi ya kliniki na khanga yake ya kanisani. Hii moja ni yako.

Ukivipanga vitabu vikiwa vimesimama, vinaingia tisa, ila mfuniko hauzibi. Saba, unaziba. Una vitabu ishirini na vitatu. Kwa siku sita nimekuwa nachagua saba, nafunga mfuniko, nafungua, natoa viwili, naingiza vingine viwili. Mtu akiniona atadhani natafuta kitu kilichopotea.

Kitabu cha kwanza nilikununulia ukiwa bado tumboni. Nilikuwa nimemaliza chuo, nafundisha baiolojia, na niliamini kwamba mtoto wangu hatahangaika na Kiingereza kama nilivyohangaika mimi. Nilichagua chenye karatasi ngumu inayong'aa, kimejaa watoto waliovaa makoti. Ulipofika miaka miwili nilianza kukusomea. Ukaweka kidole kwenye ile ardhi nyeupe.

"Mama, unga."

"Siyo unga. Ni theluji."

"Wamemwaga?"

"Imetoka juu. Kama mvua."

Ukaangalia dari, ukaniangalia mimi, ukashuka mapajani kwangu ukaenda kucheza na vifuniko vya soda. Nilikukimbilia nikakurudisha. Nilikushika mikono yote miwili nikamaliza kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, huku unalia kwa sauti ndogo. Nilisema moyoni kwamba nidhamu ya kusoma huanza mapema. Naandika hivyo ili ujue mama yako aliwahi kuwa mtu wa namna gani.

Cha pili ni kile cha mtoto asiyesikia la mkuu aliyechukuliwa na mamba. Ulikuwa na miaka mitatu na ulikuwa umeanza kuwafuata watoto wa jirani mtoni. Nilikuwa naogopa. Mto wetu si wa kuchorwa, mamba wake ni wa kweli, na watu waliowachukua tunawafahamu kwa majina. Niliona picha ya yule mamba amefungua mdomo nikasema, hiki hapa, kitabu kitanisaidia kulinda mtoto. Nilikusomea kwa sauti nzito na nilipofika penyewe nilipiga makofi mara moja, paa!

Mtoni hukwenda tena, ni kweli. Lakini hukuingia pia kwenye beseni. Mwezi mzima ulisimama pembeni ya beseni la plastiki la bluu ukitetemeka, unaniomba niangalie kwanza chini ya maji. Nikawa nakuogesha kwa kitambaa kama mgonjwa. Jirani yetu Mama Devota aliuliza, "Huyu mtoto ana nini na maji?" Nikasema ana mafua. Kile kitabu nilikificha juu ya kabati, kisha nikakichoma, na siku nilipokichoma ulinikuta jikoni ukaniuliza, "Amekufa?" Nikasema ndiyo. Jioni hiyo uliingia kwenye beseni mwenyewe. Tangu hapo siwezi kuchagua kitabu cha mtoto bila kujiuliza namnunulia nani, mtoto au woga wangu.

Kulikuwa na kosa lingine ambalo lilinichukua muda mrefu zaidi kulitambua kwa sababu lilifanana na kazi nzuri. Nilikuwa nakuuliza maswali. Hii rangi gani? Wako wangapi? Unadhani kwa nini amekasirika? Nilijifunza hivyo darasani na nilikuwa naona fahari ukijibu mbele za watu. Halafu siku moja uliniletea kitabu cha bata, ukapanda kitandani, ukaweka kiganja chako juu ya mdomo wangu kabla sijaanza.

"Soma tu," ulisema. "Usinifundishe."

Nilicheka, lakini iliniuma. Siku ile nilisoma tu. Ulilala kifuani kwangu kabla bata hajafika kwenye maji na sikuthubutu kusogea.

Sasa nifike kwa kuku.

Kile kitabu cha kuku tulipewa na mwalimu wa chekechea alipokuwa anasafisha kabati lililoingiwa na mchwa. Vingine vyote vilikuwa vimeliwa katikati. Hiki walianzia nyuma. Kuku anatafuta pa kutagia. Anaingia jikoni: "Hapa pana moto, hapa hapafai." Anaingia chini ya kitanda: "Hapa pana paka, hapa hapafai." Anakwenda kwenye tanuri, kwenye bustani, kwenye mlango wa duka. Kila ukurasa tulikuwa tunasema pamoja, hapa hapafai, na wewe ulikuwa unatikisa kidole kama mwenye nyumba. Halafu anafika kwenye njia panda amesimama kwa mguu mmoja, na hapo ndipo kurasa zilipoliwa. Baada ya hapo kuna jalada la nyuma tu, kijivu, halina kitu.

Kila mara uliniuliza, "Akataga wapi?"

Na kila mara nilikujibu, "Haijulikani, mama. Kurasa zimeliwa."

Ilikuwa kweli. Mimi ni mtu wa kusema kilicho kweli. Nimesomeshwa hivyo na ninafundisha hivyo. Ulikuwa unakifunga kile kitabu polepole. Nilidhani unajifunza kukubali mambo.

Kiangazi cha mwaka jana bibi yako alikuja kukaa nasi baada ya mavuno. Nilikuwa natoka shuleni saa kumi. Siku ile niliwakuta barazani kwenye mkeka, wewe umeegemea paja lake, yeye ameshika kitabu cha kuku kwa mikono miwili kama anavyoshika ungo. Nilisimama nyuma ya pazia la mlangoni nikasikiliza. Hakuna neno hata moja lililokuwa la kitabu. Kuku wa bibi alikuwa mjane. Kuku wa bibi alikataa jikoni kwa sababu mke wa kaka yake ana mdomo. Alikataa chini ya kitanda kwa sababu mwenye kitanda anakoroma. Na wewe ulikuwa unacheka mpaka unakohoa. Mlipofika kwenye njia panda bibi alifungua ukurasa, akafika kwenye jalada lile la kijivu, na hakusimama. Aliendelea kusoma. Kidole chake kilikuwa kinapita juu ya jalada tupu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, polepole, na kuku akawa ameshapanda juu ya ngazi, amefika kwenye dungu, anachungulia ndani ya kikapu cha mbegu.

Nilitoka mlangoni. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu si sababu. Nilisema, "Mama, kitabu kimeishia pale. Hapo hapakuandikwa kitu."

Bibi yako alisimamisha kidole. Wewe uliangalia jalada, ukaangalia uso wake, kisha ukapiga kelele kwa furaha, "Bibi anasoma jalada! Bibi anasoma jalada!"

Nami nikacheka.

Pina, nilicheka. Kama kuna neno moja katika barua hii ambalo nataka ulisome mara mbili, ni hilo. Bibi naye alicheka kidogo, akafunga kitabu, akasema, "Kumbe. Mimi miwani yenyewe sina." Hajawahi kuwa na miwani na macho yake yanaona ndege kwenye mpunga kabla mimi sijasikia hata mlio. Hajawahi kukaa darasani, hilo mimi nalijua tangu nina akili, na sikuwahi kulisema mbele ya mtu. Nililisema siku ile bila kulitaja.

Tangu siku hiyo hajashika kitabu chako. Ukimpelekea, "Miwani, mke mwenzangu, miwani." Na wewe ukaanza kuwaambia watoto wa Mama Devota kwamba bibi yako hajui kusoma. Ulikuwa unasema bila ubaya, kama vile mtu kusema bibi yangu ni mrefu. Nilikusikia mara tatu. Mara zote tatu sikusema kitu, kwa sababu sikujua nianzie wapi bila kuanzia kwangu mwenyewe.

Unaona basi kwa nini naogopa. Nakupeleka ukae mwaka mzima na mtu ambaye mimi ndiye nilimnyamazisha, na mimi ndiye niliyekufundisha kumcheka. Nakuona kwenye dungu mvua inanyesha, ndoo imefungwa, wewe upande huu na yeye upande ule. Nakuona unarudi ukiwa umesahau hata jinsi ya kufungua kitabu. Wakati mwingine naona kinyume chake, unarudi ukiwa unamwita yeye mama, na hilo nalo linaniuma, na hapohapo naona aibu kwamba linaniuma.

Nikueleze jambo usilolijua. Nilipokuwa na miaka saba bibi yako alinileta hapa Ifakara kwa dada yake ili nisome, kwa sababu kutoka shambani shule ilikuwa mbali na mvua ikinyesha njia hukatika. Kila nilipofunga shule nilimpelekea ripoti. Alikuwa anafuta mikono kwenye khanga, anaipokea, anaishika mbele yake kwa muda mrefu. Nilidhani anaisoma. Nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kwamba macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa kwangu, juu kidogo ya karatasi. Halafu alisema, "Hesabu umeteleza." Na kweli nilikuwa nimeteleza. "Kuna mtoto anakuonea." Na kweli alikuwepo. Hakukosea hata muhula mmoja.

Nimelikumbuka hilo juzi, nimeinamia ndoo, na nikakumbuka pia jinsi nilivyowakuta barazani. Mimi nikikusomea naangalia kitabu. Yeye alikuwa anakuangalia wewe. Kuku alihamia kwenye dungu kwa sababu wewe wiki ile ulikuwa unaulizauliza kuhusu dungu.

Ningeacha hapo ningekuwa mtu mzuri. Lakini nilifanya jambo jingine. Jana nilijifungia chumbani nikasoma vile vitabu saba vya ndoo nikijirekodi kwenye simu, kisha nikaviweka kwenye memori kadi ndogo inayoingia kwenye kitochi cha bibi, ile simu yake ndogo anayosikilizia kwaya. Nilijiambia ni kwa ajili yako, upate kusikia sauti yangu. Sehemu ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba nilitafuta njia ya wewe kusomewa bila kupitia kwake.

Leo mchana, baada ya kula, nilimpa. Wewe ulikuwa unamfukuza kifaranga.

"Mama, nimerekodi vitabu vya Pina. Ukibonyeza hapa natoka mimi nasoma. Yeye atafunua kurasa mwenyewe."

Aliiweka ile kadi kwenye kiganja. Ni ndogo kuliko kucha yake ya dole gumba. "Humu umo wewe?"

"Ndiyo."

"Vyote saba?"

"Vyote."

"Na mimi wakati huo nitakuwa nafanya nini? Nimeshika simu?"

Akaendelea, bila hasira, kama anayenieleza bei ya kitu. "Simu yangu naichaji kwa mwenye sola, kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Na mtandao shambani mpaka nipande kwenye kichuguu. Chaji ile ni ya kukuambia mtoto ana homa. Siyo ya hadithi." Akanirudishia kadi.

Nikasema, "Mama, siku ile ya kuku."

"Kuku yupi?" Alikuwa anajua.

"Wa kwenye kitabu. Nilicheka."

"Ulicheka, ndiyo. Na mimi nilicheka."

"Naomba unisamehe."

Alisugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa. "Watu wakiwa na safari huwa wapole," alisema. Kisha, "Wewe unadhani nilikasirika kwa sababu sijui kusoma. Kusoma sijui, hilo la zamani. Mimi mtoto alikuwa ananiamini."

Maneno hayo nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu sijui la kuyaongezea.

Akasuuza mikono. "Ilete hiyo ndoo."

Niliileta barazani. Ulipoona ndoo uliacha kifaranga ukaja. Bibi alitoa vitabu vyangu saba, nilivyovichagua kwa siku sita, akavitandaza kwenye mkeka kama anavyopanga samaki wa kukausha, akaanza kuvikagua kwa picha.

"Hawa mbona wote wamevaa viatu?"

"Wanakwenda shule, Bibi," ukasema.

"Na huyu amekula? Mbona amekonda?"

"Huyo ni twiga!"

"Twiga hali?" Akaweka pembeni. Akachukua kile cha herufi na namba, ambacho ndicho nilichokiingiza kila mara na sikukitoa hata mara moja, akakifungua, akakifunga. "Hiki ni cha shule. Shule atakikuta. Kuku yuko wapi?"

Nikasema kuku nimemwacha kwenye boksi la vinavyobaki, kwa sababu kitabu chake hakina mwisho.

"Kalete."

Nilikwenda kukitafuta. Kilikuwa chini kabisa. Nilisimama nacho kidogo pale chumbani kwa sababu macho yangu hayakuwa sawa. Niliporudi mlikuwa mmekaa vilevile kama siku ile, wewe umeegemea paja lake, naye ameacha nafasi mikononi. Nikampa. Akasoma. Mjane alikuwepo, mke wa kaka alikuwepo na mdomo wake, na safari hii kwenye duka kulikuwa na muuzaji anayepunja mchele, ambaye sote tunamfahamu. Ulikuwa unasema naye, hapa hapafai, hapa hapafai. Halafu kuku akafika njia panda, bibi akafunua, na jalada la kijivu likatokea.

Ukaweka kidole chako juu yake. "Bibi, hapa hapajaandikwa."

Ulisema kwa sauti yangu, Pina. Si kwa ubaya. Ni ileile sauti ya kusema kilicho kweli.

Bibi hakukuangalia wewe. Alinyanyua macho akaniangalia mimi, juu kidogo ya kitabu, kama alivyokuwa akiniangalia juu ya ripoti zangu. Nilijua ananisoma, na nilijua kwamba safari hii sitaweza kuficha nilipoteleza.

Nikakaa kwenye mkeka. Nikamuuliza, "Akataga wapi, mama?"

Bibi akapitisha kidole juu ya lile jalada, nusu tu, akakisimamisha. "Bado hajaamua," alisema. "Njia hizi mbili, moja inakwenda mjini, moja inakwenda shambani. Ndiyo anafikiri. Ataamua tukifika."

"Kesho?" ukauliza.

"Kesho tutachoka. Keshokutwa, mvua ikinyesha."

Ulichukua kitabu mikononi mwake ukakiingiza kwenye ndoo mwenyewe, mahali pa kile cha herufi. Ukajaribu mfuniko. Ukaziba. Ukaukalia.

Nimeichukua ile memori kadi nimeivunja, si kwa hasira. Sauti yangu utaisikia bibi akipanda kwenye kichuguu, na nitakuomba wewe ndiye unisimulie.

Nje mmenyamaza. Nadhani mchele umekwisha. Nikimaliza mstari huu nitakuja kukuomba ushuke kwenye ndoo dakika moja, niiweke bahasha chini ya vitabu, na utaniuliza ni ya nani.

Mama yangu, siku utakapoisoma barua hii utakuwa umeshajua kuku yule alitaga wapi. Mimi sijui mpaka leo, na sitamuuliza bibi. Nasubiri wewe uniambie.

Mama yako,
Skola